Teke la bunduki ya stenlesi: ni chuma, ni kitako ama ni bega lako?

Juzi tuko maskani Kibokoni, hapa Mombasa, baada ya isha, kahawa chungu ishazunguka mara mbili, kijana mmoja akatoa simu akatuonesha video ya mzungu yuko mlimani na bunduki ya kuwindia inang'aa kama sufuria mpya, akafyatua, bega likaruka nyuma, basi maneno yakaanzia hapo na hayakuisha hadi watu wakaanza kufunga milango. Mmoja akasema stenlesi inapiga teke kuliko zile nyeusi za chuma cha kawaida manake chuma chake ni kigumu zaidi. Mwengine akasema teke tuliwache, stenlesi ndio inashika shabaha, ndio maana bei yake iko juu. Wa tatu, huyu ana boti kule Tudor, akasema nyote mnapoteza wakati, faida ya stenlesi ni moja tu, haishiki kutu, basi.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, mashine yangu imekula stenlesi ya shafti za boti miaka mingi, na nina leseni ya bunduki, nalenga karatasi tu. Alafu marehemu mjomba wangu alibeba bunduki za wageni upande wa Tsavo kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji 1977. Kwa hivo hii mada imenikaa pande zote, na usiku ule niliona wawili wamekosa kabisa na wa tatu amepata nusu. Nimeona niiandike yote, kutoka chini kwenda juu, manake watu wengi wanayasema haya haya na video zinazidi kuwachanganya.

Jambo moja kwanza. Hapa kwetu Kenya kuwinda wanyama ni haramu kisheria, imekuwa hivo toka 1977, na kushika bunduki bila leseni ni kesi. Jirani zetu Tanzania wao bado wanaruhusu uwindaji wa leseni, na sehemu nyingi za dunia ni kawaida. Mimi naeleza vile chombo kinafanya kazi, simwiti mtu porini.

Sasa majina, ili twende pamoja. Bunduki ya bolti ni ile ambayo ukitaka kuweka risasi nyengine unashika mkono wa chuma ubavuni, unauinua, unauvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje, unausukuma mbele ukiingiza risasi mpya, unauteremsha ukafunga. Ukitaka kuelewa angalia komeo la mlango wa choo cha zamani, lile la chuma unalisukuma alafu unalizungusha likashikana na kishikio. Ndio ile ile kabisa. Mjarumani Paul Mauser alitengeneza ya kwake iliyotulia 1898, na ukifungua bunduki nyingi za bolti zinazouzwa leo utakuta mawazo yake yamo ndani. Mtutu ni lile bomba, na ndani yake kuna mifereji imezungushwa kama parafujo ili risasi itoke inazunguka, hiyo ndio inaifanya iende sawa isipinduke hewani. Kitako ni ile sehemu ya mbao ama plastiki, unaiweka begani na inabeba kila kitu. Ganda ni kile kikopo cha shaba, risasi yenyewe ni kile kichwa kinachotoka. Na teke ni vile bunduki inarudi nyuma ikakupiga bega ukifyatua.

Teke linatoka wapi? Hebu ushike hori, ile mashua ndogo, uko nayo hapo kando ya jeti, uruke kutoka kwa hori uende kwa jeti. Wewe unakwenda mbele, hori linarudi nyuma, na kama hukumwambia mtu ashike kamba unaweza kujikuta katikati. Sasa uruke vile vile kutoka kwa jahazi lililobeba simiti. Jahazi halihisi kitu. Nguvu ya miguu yako ni ile ile, kilichobadilika ni uzito wa unachokiwacha nyuma. Risasi ndio wewe unayeruka, bunduki ndio hori. Na hata mizinga ya kale kama ile ya Fort Jesus ilikuwa inawekwa juu ya kigari cha magurudumu kwa sababu hiyo hiyo, walijua mzinga ukiufyatua lazima urudi nyuma, kwa hivo waliupa njia ya kurudi.

Tuweke hesabu kidogo, si ngumu. Chukua risasi ya .30-06, hii ni ya Marekani ya 1906 na mpaka leo wawindaji wanaitumia sana. Kichwa kimoja cha kawaida kina uzito wa gramu 11.7 na kinatoka kwa mwendo wa kama meta 820 kwa sekunde. Nyuma yake inatoka gesi ya baruti, gramu tatu na kitu za baruti zimegeuka moshi moto, na huo moshi unatoka kwa kasi kuliko risasi yenyewe, kwa hivo karibu theluthi ya teke ni ya gesi, watu hawaifikirii hii. Bunduki yenye kilo 3.6 itarudi nyuma kwa karibu meta 4 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila haraka, lakini ni chuma cha kilo tatu na nusu kinakuja kwa bega lako kwa mwendo huo. Ukipunguza bunduki mpaka kilo 2.7, kila kitu chengine ukiwacha vile vile, inarudi zaidi ya meta 5 kwa sekunde na nguvu yake ya kupiga inaongezeka theluthi nzima. Theluthi! Kwa kupunguza chini ya kilo moja.

Risasi nayo ina sehemu yake, tena kubwa. .243 ya 1955 inapiga teke kama nusu ya .30-06, ndio wengi wanamwanzishia nayo kijana. .375 ya Holland & Holland ya London, ya 1912, ambayo nchi nyingi za Afrika zinaihesabu ndio ya chini kabisa kwa nyati na ndovu, hiyo inafika karibu mara mbili ya .30-06 hata ikiwa kwa bunduki nzito. Kwa hivo mtu akikwambia "bunduki fulani ina teke" bila kukwambia risasi gani na uzito gani, bado hajakwambia kitu.

Na kutoka kwa hesabu hiyo hiyo utaona uongo wa filamu, mtu anapigwa risasi moja anaruka anavunja dirisha la nyuma. Nguvu ya kusukuma ya ile risasi haiwezi kuzidi ile iliyomrudi aliyefyatua, na yeye mbona hakuruka?

Sasa stenlesi inaingia wapi katika haya yote. Jibu la chuma chenyewe ni fupi sana: haiingii. Teke linaangalia uzito, haliangalii ugumu wala rangi. Stenlesi ya mitutu ina uzito wa kama gramu 7.75 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma cheusi cha kawaida cha bunduki ni kama 7.85. Kwa mtutu wa kilo moja na nusu tofauti haifiki hata gramu 20 hivi. Bega la binadamu haliwezi kuihisi, wallahi hata mizani ya sokoni haiwezi.

Lakini yule kijana wa kwanza hakuwa anaota, na hapa ndipo mimi napenda watu waangalie vizuri. Watu wengi waliopiga zote mbili wanasema kweli ya stenlesi iliwaumiza zaidi. Sababu ni kwamba viwanda vinauza mtutu wa stenlesi pamoja na kitako cha plastiki, kama seti, manake yule mteja anayetaka bunduki ya mvua na baridi hataki mbao. Ile nyeusi inauzwa na kitako cha mbao ya mjozi. Kitako cha plastiki ndani ni kitupu kama jerikeni, kinaweza kuwa chepesi kwa robo kilo ama zaidi, na mara nyingi na mtutu wenyewe umekerezwa mwembamba kwa ajili ya mtu wa kupanda milima. Hapo sasa bunduki ni nyepesi, teke limezidi, macho yanaona kung'aa, akili inalaumu kung'aa. Mkosaji ni plastiki na mshirika wake ni mtutu mwembamba. Ukichukua ule ule mtutu wa stenlesi ukauweka kwa kitako cha mbao nzito, teke linapungua saa hiyo hiyo.

Tena kuna teke la hesabu na teke la bega, hayo ni mambo mawili. La hesabu ni lile nimeandika hapo juu, huwezi kulikimbia. La bega linategemea vile linakufikia. Ukidaka embe limetupwa kutoka juu ya mti na mikono imekauka mbele, viganja vinawaka moto, ukirudisha mikono nyuma pamoja na embe huhisi kitu, na embe ni lile lile. Ule mpira laini nyuma ya kitako unafanya kazi hiyo, unalitandaza teke kwa wakati mrefu kidogo na kwa sehemu pana zaidi ya bega. Bunduki za kujipakia zenyewe zinahisika laini kwa sababu hiyo pia, vyuma vyake vinatembea ndani vinaligawanya teke vipande vipande, lakini ya bolti imefungwa kama komeo, hakuna kinachotembea, yote inakuja kwa pigo moja. Umbo la kitako nalo lina maana, kikiwa kimeshuka sana nyuma mdomo wa bunduki unaruka juu na shavu lako linapigwa.

Na kushika. Mtu anayeogopa bunduki anaiweka mbali kidogo na bega, anafikiri anajiokoa. Ameipa nafasi ya kukimbia kabla ya kumpiga! Ngumi iliyoanzia mbali na ngumi iliyoanzia ikiwa ishakugusa si sawa. Ibane kwenye lile shimo la bega, iwe mwili na bunduki vinarudi pamoja, ndio unaongeza uzito wa hori. Mjomba alikuwa anasema wageni wengi aliowaona na damu juu ya nyusi ni wale waliosogeza jicho karibu na skopu, ile darubini ya juu, bunduki ikarudi na chuma cha skopu kikawakata. Wenyewe walikuwa wanaona haya kusema, wanajifunga kitambaa. Skopu nyingi zinataka jicho likae kama sentimita 9 nyuma yake, na hiyo nafasi ni ya kuheshimu.

Kuna wale wanaofunga kifaa cha matundu mdomoni mwa mtutu, kinageuza ile gesi kwenda pembeni, na kwa vile nimeshasema gesi ni karibu theluthi ya teke mutaelewa kwa nini kinasaidia kweli. Ila sauti inakuwa kali ajabu kwa yule aliye kando, masikio yake ndio yanalipa.

Sasa shabaha. Hapa neno lenyewe linawachanganya watu, manake kuna mambo mawili yamejificha ndani. Mtoto akirusha mawe kwenye embe, mawe yote matano yakapita upande mmoja, karibu karibu, huyo mkono wake ni mzuri ila anaangalia vibaya, mrekebishe kidogo tu atalipata. Mwengine mawe yake yanakwenda kila pahali na moja likaangusha embe kwa bahati. Nani mpigaji? Bunduki nzuri ni ile inayofanana na mtoto wa kwanza, inarudia pale pale, kazi ya kuelekeza ni ya kuzungusha vifundo vya skopu.

Wapigaji wana kipimo chao wanakiita moa, ni digrii moja ukiigawanya mara 60. Kwa meta 100, yaani kama kutoka goli hadi goli uwanja wa mpira, moa moja ni sentimita 2.9, karibu upana wa kizibo cha chupa ya soda. Bunduki ya kuwindia ikitia matundu yake ndani ya kizibo cha soda kwa umbali huo ni bunduki nzuri mno, na ikitia ndani ya moa moja na nusu, sentimita nne na kitu, bado inatosha na kubaki, manake sehemu ya moyo na mapafu ya swala wa wastani ni kama sahani ya kulia wali. Kwa hivo watu wanaopigana kwa ajili ya tofauti ya sentimita moja na nusu ilhali wakisimama wima mikono inatetemeka kwa upana wa sinia, mimi nawaonea huruma. Na mtu akikuonesha karatasi moja yenye matundu matatu yamegusana usimwamini haraka, matatu yanaweza kuwa bahati, mwambie apige kumi.

Stenlesi inaongeza shabaha? Huyu wa pili alipata habari ya kweli akaipeleka pahali si pake. Ni kweli wale wa mashindano ya kupiga karatasi kutoka mezani, wale wanaotafuta tundu moja kwa risasi tano, wengi wao mitutu yao ni stenlesi. Mimi kama fundi najua kwa nini, ile stenlesi ya mitutu imetiwa salfa kidogo ili ikatike vizuri kwa mashine, unaikereza na kuisugua ndani ikawa laini kama kioo, na pale mwanzo wa mtutu panapopigwa na moto wa baruti haichomeki upesi, kwa hivo ule uzuri unadumu kwa maelfu ya risasi. Lakini mtutu wa aina hiyo umetengenezwa kwa mkono na fundi mmoja kwa siku kadhaa, ni mnene kama mtwangio, na mwenye nao anapiga risasi nyingi sana. Mtutu wa bunduki ya kuwindia ya kiwandani unatoka kwa mashine ile ile na mwenzake mweusi. Mwindaji anapiga risasi mbili tatu kwa safari, kwa hivo tofauti ya kudumu hataiona.

Alafu kuna hadithi ya hiki chuma chenyewe, wengi hawaijui. Harry Brearley, mtu wa Sheffield kule Uingereza, alipewa kazi ya kutafuta chuma cha mitutu kisicholiwa na moto wa baruti. Kwa .30-06 preshia ndani inafika kama pauni 60,000 kwa inchi moja mraba, na tairi la gari dogo kwa fundi wa pancha ni kama 32, ufikirie huo moto unavyokwangua. 1913 akayeyusha chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13, na alipokuwa anakipima kwa asidi akaona hakiliki, wala siki haikiwezi. Akafikiria visu vya mezani. Yaani visu vya stenlesi jikoni kwa mama vilitokana na mtu aliyekuwa anatafuta mtutu wa bunduki, na bunduki nyingi za kuwindia zilikuja kuvaa stenlesi baadaye sana, visu vikiwa vishazoeleka.

Na sasa kutu, hapa ndio pa mwenye boti, na hapa ndio Mombasa yetu inaingia. Stenlesi si moja. Nina sumaku ndogo hapo karakana imefungwa kwa uzi, kila chuma kinacholetwa naigusisha kwanza. Shafti ya boti ya 316, sumaku inaning'inia tu haitaki. Kijiko kizuri cha 304 vile vile. Kipande cha 416, hii ndio familia ya mitutu, sumaku inaruka inashika ko! Tofauti ni chakula kilichomo ndani: 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, 316 imeongezwa nikeli na molibdenamu ambayo ndio inapigana na chumvi ya bahari, lakini ile ya mtutu ina kromiamu 12 hadi 14 na nikeli karibu hakuna, alafu na ile salfa niliyosema, ambayo inasaidia kukereza lakini inafungua milango ya kutu. Kwa nini wasitumie ya boti basi? Kwa sababu ya boti haikubali kutiwa ugumu kwa moto kama mtutu unavyotaka, na ukiikereza inajikaza inakula visu vya mashine, mimi shahidi.

Kwa hivo ndugu yangu wa Tudor, ile stenlesi ya boti lako na ya bunduki ni majina ya ukoo mmoja tu. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, madirisha ya grili yanaliwa mwaka wa pili, baiskeli inakauka cheni kwa wiki, mtutu wa 416 ukiushika na jasho la vidole ukauweka kabatini bila kuufuta, utakuta vidoa vya rangi ya chai, na ukizidi kuuwacha vinakuwa vishimo vidogo vidogo vinavyoingia ndani. Ni kweli unachelewa kuliko mweusi, tena sana, hiyo faida siikatai. Lakini pia ujue ndani ya hiyo hiyo bunduki ya stenlesi kuna springi, pini na parafujo ambazo mara nyingi ni chuma cha kawaida, na hizo ndizo zinazooza kimya kimya kwa sababu mwenyewe ameambiwa haina kutu. Mwenye bunduki huku pwani afute kwa kitambaa chenye mafuta kila anapoigusa na asiiweke ndani ya ala ya ngozi ama sanduku la sponji, vile vinanyonya unyevu vinaukalisha juu ya chuma.

Unyevu una kazi nyengine mbaya zaidi, na hii ndiyo inayoharibu shabaha kuliko aina ya chuma. Nani hajui mlango wa mbao unaokwama kila masika? Kiangazi unafunga kwa kidole, mvua za mwezi wa nne zikianza unasukuma kwa bega. Mbao imekunywa maji imevimba. Sasa kitako cha mbao kinafanya hivo hivo, kinavimba, kinajipinda nywele moja mbili, kinaanza kuugusa mtutu upande mmoja. Mtutu ukifyatuliwa unatetemeka kama uzi wa udi, na kama kila siku unaguswa pahali tofauti basi kila siku risasi inakwenda pengine. Mwenyewe analaumu skopu, analaumu risasi, anabadilisha bunduki. Ndio maana mafundi wanawacha nafasi kati ya mtutu na kitako. Kipimo chake ni rahisi, chukua noti ya shilingi 50, iingize chini ya mtutu pale mbele, ivute kurudi nyuma mpaka karibu na pale bolti inapofungia. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru. Ikikwama umepata ugonjwa. Plastiki haivimbi, na hapo ndipo ile seti ya stenlesi na plastiki inastahili sifa yake, ila ile plastiki ya bei rahisi ni laini, ukiibana na mkanda ama ukaiegemeza kwa ukuta inapinda yenyewe inaugusa mtutu, kwa hivo ipime na noti vile vile, tena huku umeibana. Na parafujo za kushikilia kitako na skopu zikilegea hata robo tu, usitafute sababu nyengine.

Mtutu mwembamba nao ukishapata moto baada ya risasi tatu nne unaanza kuhama, upoze. Na mtutu mrefu haupigi sawa kuliko mfupi, unaipa risasi mwendo zaidi, kulenga hakuongezi.

Nimebakisha kubwa. Teke linaharibu shabaha? Watu wanafikiri bunduki inaruka ndio risasi inapotea. Sikiliza, risasi inakaa ndani ya mtutu kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde na kitu kidogo, na kwa muda huo bunduki yetu ya kilo 3.6 imerudi nyuma kama milimita 2 peke yake. Mwili wa binadamu unataka zaidi ya sehemu mia moja za elfu za sekunde kuhisi kitu na kujibu. Kwa hivo saa bega linapohisi teke, risasi ishatoka zamani, ishafika kwenye karatasi. Hizo milimita 2 zina maana kidogo, ndio maana ushike bunduki vile vile kila mara. Lakini teke la risasi hii halijawahi kukukosesha risasi hii. Kinachokukosesha ni kulingojea. Jicho linafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinaikamata triga, kile chuma cha kufyatulia, kama kinazima taa, na yote hayo yanatokea kabla ya mlio. Teke la jana ndilo linakosesha risasi ya leo.

Mimi nilikuwa nakataa kabisa kwamba nafanya hivo. Matundu yangu yalikuwa yanashuka chini kushoto na nilikuwa na sababu zangu, upepo, risasi za bei rahisi. Siku moja kwa range, uwanja wetu wa kulenga shabaha, mwalimu akasema leo nakupakilia mimi, wewe usiangalie. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu nikavuta triga, bunduki ikasema tik. Alikuwa ameweka ganda tupu. Hakuna moshi, hakuna mlio, hakuna teke la kujificha nyuma yake, na mdomo wa bunduki wote tuliuona umeshuka chini kushoto kama mtu anayetikisa kichwa. Hakusema kitu. Akaokota lile ganda akaliweka mezani mbele yangu.

Akanipa kazi ya nyumbani. Bunduki tupu, umeikagua mara mbili, hakuna risasi chumba kizima, weka sarafu ya shilingi moja juu ya mtutu karibu na mdomo, lenga ukutani, vuta triga polepole mpaka itoe tik bila sarafu kuanguka. Siku ya kwanza ilikuwa inaanguka kila mara, inabingirika chini ya kabati mtoto anaikimbiza. Wiki ya tatu ikakaa mara kumi mfululizo. Nikarudi range na bunduki ile ile, risasi zile zile za bei rahisi, upepo wa kusi ule ule, na matundu matano yakaingia pahali ambapo kizibo cha soda kingeyafunika manne.